Kadi Mkononi, Transferi Mfukoni: Mwongozo wa Gharama za Hospitali kwa Mkazi wa Bujumbura

Mama yangu mkubwa alikuwa na kadi ya matibabu ya CAM. Ilikuwa na miezi miwili tu, imelipiwa, imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na karangamuntu yake. Tumbo lilipomsumbua siku ya tatu tulimtia kwenye teksi hapa Buyenzi, tukaipita sante ya mtaa (kituo cha afya) bila kusimama, tukaenda hospitali kubwa kwa sababu ndiko waliko "madaktari wenyewe". Kijana wa dirisha la malipo aliigeuza ile kadi mbele na nyuma.

"Transferi iko wapi, mama?"

Hatukuwa nayo. Tukalipa bei nzima, kadi ikarudi kwenye kitambaa. Tulichokosa ni karatasi ya rufaa ambayo ingetugharimu asubuhi moja ya kukaa kwenye benchi la sante.

Mwongozo huu ni kwa wenye kadi, wasio na kadi, na wale wanaodhani wanayo. Hao wa mwisho ni wengi kuliko unavyofikiri.

KWANZA: KWA NINI BILI IMEKUWA NZITO

Mwaka 2002 serikali iliamua kila mgonjwa alipe gharama za matibabu yake. Matokeo yake yalionekana wodini: watu waliopona wakizuiliwa wiki na miezi kwa deni. Ripoti ya mashirika ya haki za binadamu Human Rights Watch na APRODH ya Septemba 2006 iliandika habari zao. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure na kina mama watajifungua bure, hata kwa upasuaji. Wodi zikafurika. Msamaha huo upo mpaka leo, na bado kuna watu wanaolipia kile ambacho ni haki yao kwa kukosa karatasi tu.

CAM, yaani Carte d'Assistance Médicale, ni ya zamani zaidi. Ilianza 1984 kwa faranga 500 kwa kaya kwa mwaka. Mwaka 2012 ilifufuliwa kwa faranga 3,000 kwa kaya, na ahadi yake ni nyepesi kuikumbuka: kadi inabeba asilimia 80, wewe asilimia 20.

Sasa piga hesabu. Faranga 3,000 kwa mwaka kwa baba, mama na watoto wote ni kitu gani mbele ya upasuaji mmoja? Tena kadi nyingi hununuliwa siku mgonjwa tayari yuko mlangoni, kwa hiyo anayechangia ni yule aliyekwisha kuugua. Mfuko wa namna hiyo haujijazi. Pengo linabaki kwa serikali, serikali inachelewa kuzilipa hospitali, hospitali inakosa fedha ya kununua dawa, nawe unatumwa ukazinunue nje. Unapoona rafu tupu kwenye duka la dawa la hospitali, hapo ndipo chanzo chake kilipo.

Halafu kuna dola. Dawa zetu nyingi zinatoka nje. Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyokuwa karibu na faranga 2,100 kwa bei rasmi ikapita 2,800. Kwa wabadilishaji wa mitaani ilikwenda mbali zaidi. Mwenye duka la dawa anayetafuta dola huko hawezi kukuuzia kwa bei ya 2022, hata akiwa mcha Mungu namna gani.

Na mageuzi? Sheria ya ulinzi wa jamii ilitiwa saini Mei 2020, na inazungumzia bima ya ugonjwa kwa watu wote. Majirani nao wako kwenye barabara hiyo: Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote 2023, na Kenya iliiondoa bima yake ya zamani, NHIF, na kuanza SHA tarehe 1 Oktoba 2024, kwa kelele nyingi. Shauri langu ni kwamba usiisubiri kadi ya kesho. Jipange kwa hizi zilizopo leo.

UKO MLANGO GANI?

Kila mtu Bujumbura anaingia hospitali kwa mlango mmoja kati ya hii ifuatayo. Ujue wako ukiwa mzima.

1. Mtoto wa chini ya miaka 5, au mama mjamzito. Matibabu ya mtoto ni bure kwenye vituo vya serikali. Vivyo hivyo kujifungua na maradhi yatokanayo na ujauzito. Ila mtoto lazima athibitishe umri, na uthibitisho ni hati ya kuzaliwa. Mwandikishe komini mapema. Ukichelewa utaingizwa kwenye njia ya mahakama, na mtoto ataugua kabla hakimu hajakuita.

2. Mgonjwa wa malaria, kifua kikuu au VVU. Dawa zenyewe hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Mtu akikuuzia dawa ya kifua kikuu barabarani, kimbia.

3. Mtumishi wa serikali, au mstaafu wake. Mlango wako ni Mutuelle de la Fonction Publique, mituweli iliyoanzishwa 1980. Mchango hukatwa kwenye mshahara, na kwa kawaida inabeba asilimia 80. Mke au mume na watoto wanaingia kama wameandikishwa. Kuna akina baba waliokatwa miaka kumi bila mtoto hata mmoja kwenye orodha. Nenda ukaitazame orodha yako.

4. Mfanyakazi wa kampuni binafsi. Hapa ndipo wanapokaa wale wanaodhani wanayo. Unaona INSS kwenye karatasi ya mshahara, unajiambia una bima. INSS ni ya pensheni na ya ajali na maradhi ya kazini. Ukianguka kwenye ngazi ukiwa kazini, INSS inakuhusu, mradi mwajiri ameitangaza ajali. Ukiugua homa ya matumbo nyumbani, INSS haikujui. Muulize mwajiri swali moja, na jibu liwe la maandishi: "Nikiugua, nani analipa, na katika hospitali zipi?" Makampuni mengine huwakatia wafanyakazi wao bima kwenye mashirika kama SOCABU au Jubilee, mengine hayajafanya lolote.

5. Aliyebaki: muuza nyanya wa Ruvumera, fundi cherehani wa Bwiza, dereva wa taksi-velo, mkulima wa Kinama. Mlango wako ni CAM. Vijijini kuna pia mituweli za jamii, kama zile za wakulima wa kahawa.

6. Asiye na kitu kabisa. Kuna hati ya umaskini inayotolewa na komini. Nitairudia chini.

Aliyegongwa barabarani ana mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui. Bima ya gari au pikipiki ni ya lazima kisheria, na bima ya aliyegonga ndiyo inayopaswa kumlipia aliyegongwa. Kwa hiyo kabla umati haujatawanyika: namba ya gari, jina la shirika la bima lililobandikwa kwenye kioo, na polisi waandike PV, yaani taarifa ya ajali. Bila PV utakuwa unasimulia hadithi tu.

KUIPATA CAM BILA KUZUNGUSHWA

Anzia sante ya mtaa wako. Watakwambia kadi inatolewa dirisha gani na inalipiwa kiasi gani mwaka huu. Kisha:

1. Beba karangamuntu ya mkuu wa kaya na ya mwenza wake, hati za kuzaliwa za watoto, na cheti cha ndoa kama mnacho. Beba na kopi, kwa sababu mashine ya kopi huwa mbovu siku unayoihitaji.

2. Hesabu nani anaingia. Kadi ni ya baba, mama na watoto wadogo. Kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima anahitaji kadi yake, hata kama bado anakula kwenye sahani yako.

3. Kabla hujaondoka dirishani soma majina herufi kwa herufi. "Hakizimana" na "Hakizimana" wa jirani yako ni watu wawili, na "Saidi" si "Saïd" kwa karani asiye na huruma. Jina la kwenye kadi lifanane na la kwenye karangamuntu na la kwenye hati ya kuzaliwa.

4. Dai risiti yenye muhuri. Kama hakuna risiti, usitoe pesa.

5. Andika tarehe ya mwisho ya kadi kwenye kalenda ya ukutani, na nyingine mwezi mmoja kabla yake.

Nunua ukiwa mzima. Najua watu husema, "Nitanunua nikiugua." Lakini aliyelazwa hapangi foleni dirishani, na usiku wa Jumamosi hakuna ofisi iliyo wazi.

ISHIRINI YAKO SI ISHIRINI

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Asilimia 80 inahesabiwa juu ya kile kilichoandikwa kwenye fakture ya hospitali. Kisichoandikwa hapo hakina asilimia. Ni chako chote. Na ugonjwa una mambo mengi yasiyoandikwa kwenye fakture.

┌ KISANDUKU: HESABU YA SIKU NNE WODINI
Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako.
Fakture ya hospitali: faranga 200,000
CAM inabeba: 160,000
Wewe: 40,000
Dawa zilizokosekana, umenunua nje: 85,000
Glavu, sirinji, bandeji: 15,000
Chakula cha mgonjwa na muuguzaji wake: 60,000
Teksi: 30,000
Ulichotoa kwa kweli: 230,000
└

Umelipa zaidi ya fakture yenyewe, huku ukiwa na kadi ya asilimia 80. Ukijumlisha gharama zote, wewe umebeba karibu asilimia 60. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo mpango ulivyo, na anayeingia hospitali na 40,000 mfukoni kwa kuamini asilimia 20 ndiye huyo anayeonekana jioni akipiga simu kwa shemeji.

Katika mistari hiyo, ule wa dawa za nje ndio unaoweza kuupunguza kuliko yote. Daktari akikupa ordonansi, fanya hivi:

a) Ipeleke kwanza kwenye duka la dawa la hospitali, hata kama muuguzi amekwambia "haipo". Wakati mwingine zimekosekana mbili, tatu zipo.

b) Kwa zilizokosekana, rudi kwa daktari kwa adabu: "Daktari, kuna nyingine ya kundi hili iliyopo hapa?" Mara nyingi ipo.

c) Omba jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Parasetamoli ni parasetamoli. Yenye boksi la Ulaya inaweza kukugharimu mara kadhaa ya hii nyingine.

d) Uliza ni ipi ya lazima leo. Vitamini zinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Antibiotiki haingoji, na hainunuliwi nusu.

e) Nunua kwenye duka lenye kibali na risiti. ABREMA, mamlaka ya dawa, ipo kwa sababu dawa bandia zipo. Vidonge vinavyouzwa kwenye sinia karibu na kituo cha basi vimekaa juani tangu asubuhi. Hata vikiwa halisi vimekwisha kuchoka.

SIKU YA KUUGUA, HATUA KWA HATUA

1. Kama si dharura, anzia sante. Muuguzi wa pale anatibu mengi, na kwa bei ndogo kuliko hospitali.

2. Sante ikishindwa, omba transferi. Itazame kabla hujatoka: jina kamili, tarehe, sababu, unakopelekwa, saini, muhuri. Muhuri ukikosekana, hiyo ni barua tu. Usishangae ukipelekwa kwanza hospitali ya wilaya badala ya Prince Régent Charles au CHUK ya Kamenge, ambayo wengi bado tunaiita Roi Khaled. Hizo ni ngazi za juu, na kadi inakwenda ngazi kwa ngazi.

3. Kama ni dharura (damu nyingi, kuzimia, mtoto mwenye degedege, mjamzito mwenye degedege au damu) usitafute transferi. Nenda hospitali iliyo karibu, kisha omba iandikwe kwenye karatasi ya kuingilia kuwa mgonjwa amekuja kwa dharura. Neno hilo litakutetea dirishani baadaye.

4. Toa kadi mwanzoni, kabla ya daktari na kabla ya maabara. Ukiitoa wakati wa kulipa utaambiwa faili limekwisha kufunguliwa kama la mtu asiye na bima.

5. Wa mituweli: kabla ya kipimo kikubwa, meno au miwani, uliza kama panahitajika idhini kwanza. Hati ya idhini ikipatikana baada ya kipimo, inaweza kukataliwa.

6. Ukiombwa kosyo (amana ya kutanguliza), uliza ni kiasi gani, kwa nini, na itakatwa wapi kwenye fakture. Chukua risiti yake. Kosyo isiyo na risiti hugeuka zawadi.

7. Mchague mtu mmoja wa familia awe mshika karatasi. Mmoja tu. Shangazi akishika ordonansi, kaka risiti na jirani kadi, siku ya kutoka mtatafutana mpaka giza liingie.

8. Kila jioni mshika karatasi aandike kwenye daftari: kipimo gani kimefanyika, dawa gani imetolewa, nani kalipa nini.

9. Siku ya kutoka, linganisha daftari na fakture mstari kwa mstari. Siku za kitanda ni sawa? Kipimo kilichoahirishwa kimehesabiwa? Kosyo imekatwa? Kosa likiwepo, onyesha daftari na useme kwa upole. Makarani wanachoka kama sisi, na makosa mengi ni ya uchovu.

Onyo moja juu ya kliniki binafsi, maana zile za Rohero na Kiriri zinatuvutia kwa usafi na foleni fupi: CAM haifanyi kazi huko. Kama una bima ya kampuni au mituweli, piga simu kwanza uulize kama wana mkataba nayo hivi sasa. Mikataba husimama bima inapochelewa kulipa, na tangazo huwa limebandikwa mlangoni, mahali unapolisoma ukiwa tayari umembeba mgonjwa.

Onyo la pili ni kuazimana kadi. Kumtibu mtoto wa dada kwa jina la mtoto wako kunaonekana ni huruma. Lakini faili la hospitali linabeba damu, mzio na maradhi ya mtu mwingine. Mwanao akiletwa mwaka ujao, daktari atasoma habari za binamu yake.

UKISHINDWA KULIPA

Usimtoroshe mgonjwa usiku. Nasema hivi kwa sababu hufanyika, na mshono uliotoroshwa huoza.

Anza mapema, siku ya pili na si siku ya kutoka. Ulizia ofisi ya huduma za jamii ndani ya hospitali. Mueleze mhusika hali yako na umwachie kopi za karatasi zako. Wakati huohuo mtu mwingine wa familia aende kwa mkuu wa mtaa, kisha komini, kuomba hati ya umaskini. Hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa wizara inayohusika na mshikamano wa kitaifa, ambayo huwalipia wasio na uwezo. Haitoki kwa siku moja, ndiyo maana nasema siku ya pili. Omba pia mpango wa kulipa kidogo kidogo, uandikwe na kusainiwa pande zote mbili.

Na watu wako? Hapa Buyenzi imamu husimama baada ya sala ya Ijumaa akataja mgonjwa, na kofia inapita. Parokia nazo zina Caritas. Hilo ni jema, ila kofia hupita mara moja. Chenye nguvu zaidi ni kikundi cha kuweka na kukopa, nawenuze, ambacho karibu kila mtaa unacho. Vikundi vingi vina mfuko wa pembeni wa misiba na dharura. Kwenye mkutano ujao pendekezeni mambo mawili: kwanza, mfuko huo ununue CAM za wanachama wote kwa pamoja mwezi mmoja, ili zote ziishe tarehe moja na hakuna anayesahau, pili, uwe na kiwango cha mkopo wa hospitali kinachotoka siku hiyohiyo bila kikao. Kikundi cha dada yangu kilianza na faranga 1,000 kwa wiki kwa kila mtu. Wanawake kumi na wanane. Walibishana miezi miwili juu ya nani ashike ufunguo wa kasha, wakakubaliana ziwe kufuli tatu.

BAHASHA YA NYUMBANI

Chukua bahasha moja ngumu, uiweke mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anaweza kupafikia. Ndani yake:

☐ Kadi ya CAM, mituweli au bima, pamoja na kopi
☐ Kopi za karangamuntu za watu wazima
☐ Hati za kuzaliwa za watoto
☐ Kadi za kliniki ya ujauzito na za chanjo
☐ Karatasi yenye dawa anazotumia kila mtu kila siku, na dawa zinazomdhuru
☐ Namba za simu: sante, dereva wa teksi wa mtaa anayeamka usiku, mshika karatasi, mweka hazina wa nawenuze
☐ Daftari dogo na kalamu mbili
☐ Risiti na transferi za mwaka mzima, zimebanwa kwa tarehe
☐ Fedha za "ishirini yako", kwa hesabu ya kisanduku kile

Piga picha ya kila karatasi kwa simu na umtumie mtu mmoja asiyelala nyumba hiyo. Mvua za Aprili zikiingiza maji ndani kama zinavyofanya Buterere na Kinama, bahasha ndiyo ya kwanza kuelea.